Kimya cha Mtegoni

Froukje aliagiza kahawa nusu pakiti, na kama kawaida Baukje mwenye duka akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema tena, shoga. Hapa si kanisani."

"Kahawa. Nusu."

"Nusu nimeisikia. Nusu ya pili umeiacha huko kwenu Mtegoni."

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu yao wakacheka. Froukje akacheka nao, mabega tu yakitikisika, sauti haikutoka. Hivyo ndivyo watu wa Mtegoni walivyocheka, na kijiji kizima tulijua kuwaigiza.

Baukje alipima kahawa polepole ili maneno yapate nafasi. "Mwezi uliopita ulichukua pakiti nzima. Bata bado hawajaja, siyo?"

"Watakuja."

"Wakulima wanasema wasipokuja safari hii bwawa litakaushwa, pawe malisho. Mimi sisemi kitu. Wanasema wao."

"Na wewe unatufikishia," Froukje alisema, na mara hii kila mtu dukani alimsikia. Akaweka gilda mbili juu ya meza, akapokea chenji, akatoka. Nje upepo ulikuwa bado wa magharibi, wa uvuguvugu, ule upepo wa mvua ambao watu wengine wa kisiwa waliupenda.

Mtegoni ilikuwa nyumba moja, kijisitu cha mierebi, na bwawa katikati yake, chini ya tuta la bahari. Bata mwitu walikula usiku kucha kwenye tope na majani ya chumvi nje ya tuta. Kulipokucha walitafuta maji yaliyotulia wakalale. Kwenye kila pembe ya bwawa ulianzia mfereji uliopinda kama pembe ya ng'ombe, umefunikwa wavu, ukizidi kuwa mwembamba hadi mwisho wake. Bata wa kufugwa, ambao tuliwaita madalali, walifuata shayiri ndani ya mfereji, na wale wageni wakawafuata madalali. Mtegaji alijificha nyuma ya viambaza vya matete, ameshika mbele ya mdomo kipande cha mboji, udongo mkavu wa majani yaliyooza, kinachofuka moshi, ili bata wasinuse pumzi ya mtu. Kilichobaki kilikuwa kimya. Mlango ukigongwa kwa nguvu, au ndoo ikianguka, kazi ya siku nzima iliruka angani ikaenda zake.

Kwa hiyo nyumbani kwa Oege, mtegaji mzee na baba mkwe wa Froukje, na kabla yake kwa baba yake, hakuna aliyepaza sauti. Kuanzia Septemba hadi Januari waliongea kwa kunong'ona, na miezi mingine walisahau kuacha. Hata kanisa lilishiriki: msimu wa bata kengele haikupigwa. Jumapili Liekele, mtunza kanisa, alisimama mlangoni akatupungia mkono tuingie. Maiti walizikwa bila kengele. Oege mwenyewe alimzika mkewe hivyo mwezi wa Oktoba, na alipoulizwa alisema marehemu angetaka hivyo hivyo.

*

Bwana Harkema alikuja Jumatatu. Ndiye aliyewasemea wakulima wenye ardhi ile. Aliketi jikoni na kofia yake kichwani, akaongea kama mtu aliye upande wa pili wa shamba.

"Tjalling, mimi sina ugomvi nawe."

Mzee Oege, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, akaweka kidole mdomoni.

Harkema akacheka. "Bata gani, mzee? Nimepita hapo sasa hivi. Nimeona wale wenu wa kufugwa na shakwe mmoja, na huyo shakwe naye alionekana amepotea njia."

Tjalling, mwanawe Oege, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, alitazama mikono yake. Froukje akammiminia mgeni kahawa. Ilikuwa nyepesi, na mgeni aliigeuza kikombeni akiitazama kabla ya kunywa.

"Wenzangu wanataka kupiga kura Ijumaa," Harkema alisema. "Nimewaambia nitakuja Alhamisi asubuhi nijionee. Mtego ukinasa, nitasema unanasa, mkataba utaendelea. Usiponasa, mierebi itakatwa kabla ya Krismasi. Nyumba tutazungumza. Si kwamba tutawatupa nje."

"Bata wanangoja upepo," Tjalling alinong'ona.

"Sikusikia."

"Anasema wanangoja upepo wa mashariki," alisema Froukje.

"Basi uombeni," Harkema akasema, akainuka.

Alipoondoka, Tjalling alibaki pale pale. "Nina miaka arobaini na sita," alisema hatimaye. "Nikitolewa hapa nitakwenda kufanya nini? Kusafisha samaki bandarini?"

"Baba yangu alisafisha samaki," Froukje alisema.

"Sikusema kwa ubaya, mke wangu."

"Najua hukusema kwa ubaya."

*

Jumanne Oege alitaka kupanda tuta aone maji. Goti lake la kushoto lilikuwa halifai tena, kwa hiyo alimshika Froukje bega, wakapanda kwa kusimama simama.

Nje ya tuta ndiko nchi yenyewe ilikokuwa. Yalikuwa maji ya bamvua, yakijaa. Hayakuja na mawimbi. Yalipanda tu ndani ya mahori, vile vijito vya topeni, yakajaza moja, yakamwagikia jingine, mpaka majani ya chumvi, ambayo Novemba huwa mekundu kama kutu, yakabaki vichwa. Vindege wa tope, maelfu, walifukuzwa na maji kutoka ukingo hadi ukingo, wakageuka angani wote pamoja, weupe, halafu weusi, halafu hawaonekani kabisa. Sululu, ndege wa mdomo uliopinda, walilia kwa mbali. Batabukini weusi waliokuja kutoka kaskazini walikuwa wameketi juu ya maji wakiguna kwa pamoja, kama wageni walio chumba cha pili, unawasikia lakini hujui wanasema nini.

"Hapo penye ile nguzo," Oege alisema, "nilipokuwa kijana, walilala bata wa mluzi mpaka ukadhani ardhi imeongezeka. Usiku hatukufunga dirisha. Mama alisema tusinyimwe muziki."

"Muziki mlikuwa mnao, basi."

"Wa kwao. Siyo wetu." Mzee alitabasamu. "Wewe ulipoletwa hapa, mwanangu, ulikuwa na sauti ya kuitia meli."

Froukje alijua kinachofuata. Alikuwa binti wa msafisha samaki. Bandarini walizungumza toka chombo hadi chombo, na yeye aliimba akitundika nguo. Wiki yake ya kwanza Mtegoni, Tjalling aliteleza akakaa kwenye beseni la maji ya kufulia, na yeye akacheka, kicheko chote, kichwa nyuma. Bwawa zima likaruka. Oege hakumgombeza. Alitoka mlangoni, akatazama angani mpaka bata wa mwisho akapotea nyuma ya tuta, akaketi juu ya gogo. Tangu siku ile Froukje hakucheka tena kwa sauti chini ya mierebi ile. Ilikuwa miaka ishirini na mbili.

"Baba, lile nimeshakuomba radhi."

"Sijasema uombe radhi. Nasema tu." Alitazama maji. "Kilikuwa kicheko kizuri. Sikuwahi kukuambia."

Froukje hakujua aweke wapi macho. Akamfunga mzee skafu vizuri shingoni, ingawa ilikuwa imefungwa.

"Unasikia?" Oege alisema ghafla, akageuza shavu. "Upepo umezunguka."

*

Usiku wa Jumatano jalidi ilianguka, na Alhamisi kulipopambazuka bwawa halikuonekana maji. Bata walikuwa wamejipanga toka ukingo hadi ukingo: wa mluzi, wenye mikia mirefu, na wale wadogo wenye bawa la kijani, vichwa vimefichwa mgongoni, mvuke ukipanda kati yao. Tjalling alichungulia kwenye tundu la kiambaza, akarudi jikoni.

"Wapo," alisema. "Baba, leo ukae ndani. Kuna barafu kwenye mbao za kuvukia mtaro."

"Nitakaa," alisema Oege.

Harkema alifika kwa miguu, baiskeli ameiacha mbali kama alivyoagizwa. Tjalling akampa kipande chake cha mboji, na yule mtu mkubwa akakishika mbele ya mdomo kwa utiifu, machozi ya moshi yakimtoka. Wakaenda kwenye mfereji wa kusini. Bles, mbwa mdogo mwekundu kwa mweupe, alikwenda mbele yao mkia umesimama. Kazi yake ilikuwa kutokea na kupotea kati ya viambaza. Bata humwonea ajabu, wakamfuata.

Oege alikaa, kweli alikaa, mpaka alipokumbuka kwamba madalali wa mfereji wa kaskazini hawajapewa shayiri. Wasipopewa wangezunguka na njaa na kulalamika. Froukje alikuwa ghalani. Mzee akachukua kijikopo, akatoka polepole kuzunguka nyuma ya matete, na kwenye ubao wa pili mguu ule wa kushoto ukamtoka.

Aliangukia mtaroni, kwenye maji ya kufika kiunoni na barafu nyembamba juu yake. Kitu kilivunjika kwenye nyonga. Alikisikia kabla ya maumivu kufika. Hakutoa sauti. Alipoanguka alikuwa ameshikilia matete yamsaidie kuanguka taratibu, na sauti ya maji ilikuwa ndogo kama ya bata anayegeuka. Huko bwawani mmoja aliinua kichwa, akakirudisha.

Nyuma ya matete, si mbali, Oege alisikia punje za shayiri zikidondoka majini. Alimsikia mwanawe akihama kutoka kiambaza hadi kiambaza, akakosoa moyoni: haraka mno, Tjalling, waache waingie. Alisikia miguu ya bata ikipiga maji ndani ya mfereji, wengi, wengi kuliko alivyosikia kwa miaka. Neno moja tu lingetosha kumletea mikono ya kumtoa. Meno yake yalianza kugongana, na akaogopa bata wangeyasikia, kwa hiyo akaivuta skafu akaiuma.

Bles alimwona. Alikuja kutoka nyuma ya matete, akashuka mtaroni mpaka tumboni, akamnusa uso. Oege akatoa mkono majini, akamwashiria kwa kidole, ile ishara ya zamani aliyomfundisha mama yake Bles na bibi yake Bles. Rudi kazini. Mbwa alisitasita, kisha akarudi.

Tjalling alimwona mbwa amechelewa kutokea, tena ana tope hadi tumboni. Amefukuza panya, aliwaza, nitamfunza adabu baadaye. Akarusha shayiri nyingine.

Froukje alirudi jikoni akakuta kiti kitupu na kijikopo hakipo. Alifuata alama kwenye jalidi. Alipofika mtaroni uso wa mzee ulikuwa na rangi ya jivu, macho yakimtazama, na kabla hajafungua mdomo aliona kidole kile kile kimeinuliwa midomoni juu ya skafu.

Alijaribu kumvuta, hakuweza. Na yeye, mwenye sauti ya kuitia meli, aligeuka akatembea. Hakukimbia, kwa sababu jalidi hulia chini ya mtu anayekimbia. Alizunguka matete yote hadi kusini, akamgusa mumewe begani. Tjalling, macho yake kwenye tundu, akainua kiganja: ngoja. Alidhani ameitwa chai. Mfereji ulikuwa umejaa, wa mwisho walikuwa wakiingia, na Harkema karibu naye alikuwa ametoa macho kama mtoto.

Froukje akangoja.

Alisimama nyuma ya mumewe na mikono yake iliyolowa, akatazama bata wa mwisho akipita chini ya wavu. Ndipo Tjalling aliposhusha kiganja, naye akanong'ona: "Baba yuko mtaroni."

*

Daktari alitoka bandarini na gari la posta. Alisema nyonga ingeweza kungoja, lakini mapafu hayangengoja.

Ijumaa jioni Harkema alirudi. Mara hii kofia ilikuwa mkononi, naye alisimama karibu na mlango.

"Wamekubali," alisema kwa sauti ya chini ambayo hakuwa nayo Jumatatu. "Miaka kumi. Niliwaambia nilichokiona. Sikuwaambia... pale mferejini sikuwa nimejua."

"Hukujua," Tjalling alisema. "Mimi je?"

Kitandani mzee alifungua macho. "Waliruka?"

"Hawakuruka, Baba," alisema Froukje.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Vizuri." Alipumua kwa taabu, akatafuta mkono wa mwanawe. "Lakini ulikuwa na haraka. Pale mwanzo. Waache waingie wenyewe."

Tjalling akaitikia kwa kichwa. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Oege kwa mtu yeyote. Alifariki Jumapili alfajiri, saa ambayo bata hurudi kutoka majani ya chumvi, na wale wawili waliokaa naye walisikia mabawa yakipita juu ya paa, kundi baada ya kundi, yakishuka bwawani.

*

Liekele alikuja kupanga mazishi. Aliwapa mkono, akakaa, akageuza geuza kijiko.

"Itakuwa kama kawaida, basi," alinong'ona. "Bila kengele."

"Kama kawaida," Tjalling alisema.

"Hapana," alisema Froukje.

Wanaume wakamtazama. Alikuwa akiosha vyombo, amewapa mgongo.

"Froukje, bwawa limejaa. Jalidi hii ikishika, huu ndio mwezi wote. Harkema ametupa miaka kumi, hajatupa chakula."

"Najua limejaa. Nimepita."

"Yeye mwenyewe asingetaka. Mama alizikwa bila kengele. Alisema..."

"Nilikuwepo alipoyasema. Nilikuwepo pia mtaroni." Aliweka sahani chini. "Alikuwa upande wa pili wa matete, mume wangu, na hakukuita. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimekugusa kabisa, na sikukuita. Uliinua mkono nami nikangoja. Kila siku nitakayoishi nitakumbuka kwamba nilingoja." Hakuwa akilia. Sauti ilikuwa imepanda kidogo kidogo mpaka ikawa sauti ya kawaida ya mtu jikoni kwake, na katika nyumba ile ilionekana kubwa. "Piga, Liekele."

Liekele alimtazama Tjalling. Tjalling alitazama kile kiti karibu na jiko.

"Piga," alisema.

*

Tulimzika Jumatano. Kanisa letu liko juu ya kilima cha kujengwa kwa mikono, na kutoka pale unaona kila kitu: mierebi ya Mtegoni, tuta, na nje ya tuta ile nchi nyekundu na mahori yake, maji yakiwa yamekupwa, tope likimeta hadi upeo. Hapakuwa na upepo. Wabebaji walinyanyua jeneza waanze kuzunguka kanisa mara tatu, kama tunavyofanya, na Liekele akavuta kamba.

Watoto wetu hawakuwahi kusikia kengele mwezi wa Novemba. Wengine walishika sketi za mama zao. Mlio wa kwanza ulipita juu ya mashamba. Kwa kitambo hakikutokea kitu. Kisha mierebi ikawa kama inachemka, na bata wakatoka juu yake, wote. Walipanda, wakajikusanya, wakaja upande wetu, wakapita juu ya jeneza chini chini hivi kwamba wanaume walivua kofia, ingawa walikuwa wanazivua kwa heshima ya maiti. Miluzi yao ilijaa hewani. Walizunguka nasi. Sitasema mara ngapi, maana kila aliyekuwepo anasema tofauti. Halafu wakavuka tuta, na sululu na batabukini wakainuka kuwapokea, na kwa muda hapakuwa na sehemu ya anga isiyokuwa na ndege.

Baukje wa dukani alilia kwa sauti. Harkema alisema, karibu na sikio la Tjalling, "Msimu wako umekwenda."

"Naona," Tjalling alijibu.

Walirudi, lakini wachache, na jalidi ilipoyeyuka wakaondoka hao nao. Majira yale ya baridi Tjalling alisafisha samaki bandarini, kwenye banda lile lile alilosafishia baba yake Froukje. Mwaka uliofuata bata walikuja kama kawaida, na mtego ukafanya kazi mpaka sheria ilipobadilika. Siku hizi wanaonaswa huvishwa pete nyepesi yenye namba mguuni, wakaachiwa. Wa mluzi ni wachache. Ile nguzo aliyoionyesha Oege ilizolewa na maji. Lakini kengele hupigwa mwaka mzima, na mimi kila ninapoisikia Novemba hutazama juu.

Jioni ile ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, Tjalling alikwenda kukaa nyuma ya kiambaza cha kusini. Bwawa lilikuwa tupu, madalali tu wakiogelea huku na huku kama watu waliofunga duka. Froukje alipika viazi na maharage. Alifungua mlango, akatazama giza likiingia kwenye mierebi, akavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta bandarini zamani, akaita:

"Tjalling!"

Jina lilikwenda juu ya maji, likagonga tuta, likarudi. Alisikia matete yakivunjika. Tjalling alikuja akikimbia, ameteleza mara mbili, magoti yamejaa tope, uso umempauka.

"Nani? Nani ameanguka?"

"Hakuna aliyeanguka," alisema Froukje. "Chakula tayari."